Gari ni Auto, Sawa. Auto Ipi? Historia ya giaboksi za vigari vyetu

SEHEMU YA 1

 Najua leo mlikuwa mnasubiri mwendelezo wa somo la kuharisha kwa watoto. Litakuja Jumamosi. Leo naomba niingize jambo lingine, kwa sababu ndani ya wiki mbili wadada watatu wameniuliza inbox swali linalofanana: "Nesi, tumejichanga na mume wangu, tunataka kigari kidogo cha kubebea watoto. Tuchukue Vitz au IST?"

Swali zuri. Ila kuna swali lingine lilinigharimu mimi milioni moja na laki tatu, na nusura lingenigharimu zaidi ya hela.

Mwaka 2020 mimi na mzee tulichukua mkopo tukanunua Vitz ya mwaka 2006, mkononi mwa mtu. Nikamuuliza muuzaji, hii gari ni manyuo au auto? Akasema auto. Nikafurahi, maana klachi na mimi hatupatani. Tukalipa, tukaja nayo Musoma. Miezi kadhaa baadaye nikaipeleka gereji kumwaga oili. Fundi akaniambia, "Dada nesi, oili ya giaboksi nayo imechoka, tubadilishe?" Nikamwambia badilisha. Akaweka ATF ile nyekundu, iliyobaki kwenye IST aliyokuwa ameihudumia asubuhi. Nilimuuliza kama ni sawa. Akanijibu, "Auto zote ni moja, dada."

Nikamwamini. Mimi nesi, mtu ambaye hata paracetamol nasoma lebo mara mbili, nikakubali kuambiwa "zote ni moja".

Mwanzoni hakuna kitu. Baada ya kama miezi miwili gari ikaanza kutetemeka wakati wa kuondoka, kama mtu mwenye homa ya malaria. Halafu ikaja sauti ya kulia, wiiiii, hasa ukiwa kwenye mlima. Mwaka 2021 ndiyo siku yenyewe ikafika. Wifi yangu alishikwa na uchungu huko Buswahili, mimba yake ya nne, na alikuwa na historia ya kutoka damu nyingi. Tukampakia usiku. Hata lami hatujaikamata, kwenye kamlima kadogo tu, injini inanguruma mpaka basi lakini gari haiendi. Unakanyaga mafuta, inalia. Unakanyaga zaidi, inalia zaidi. Ikaanza kurudi nyuma.

Wifi alinishika mkono akaniuliza, "Wifi, tunakufa hapa?" Nikamwambia hatufi. Moyoni sikuwa na uhakika.

Mchomoko mmoja, Probox iliyojaa watu na magunia ya dagaa, ukasimama. Abiria wakashuka wenyewe bila hata kuombwa, wakampisha. Mtoto alizaliwa salama na mama yake mzima, ana miaka minne sasa, mtundu balaa. Gari ilivutwa mpaka mjini asubuhi.

Fundi wa pili, kijana wa Mwanza, ndiye aliyefungua boneti, akawasha tochi ya simu, akasoma kibao kidogo cha bati sekunde kumi tu. Akasema, "Dada, hii siyo auto ya IST. Hii ni CVT. Ilitaka oili yake."

Tangu siku hiyo nimekuwa kama mwendawazimu wa giaboksi. Kila shifti ya usiku, wagonjwa wakishalala, nasoma. Niliyoyapata ndiyo haya, na nayapanga kwa historia, kwa sababu bila historia hutaelewa kwa nini magari mawili yanayofanana yana matumbo tofauti.

SEHEMU YA 2

Baba yangu aliendesha lori la pamba Bunda, Bedford. Mtoto wa dereva wa Bedford anajua sauti ya gia kabla hajajua a-e-i-o-u. Klachi, toa gia, achia, kanyaga tena, ingiza. Enzi zile hakuna aliyeuliza "gari hii ina giaboksi gani?" Land Rover za serikali na za misheni, Peugeot 504, Volkswagen za mgongo wa kobe, malori ya ushirika, vyote gia za mkono. Gari binafsi lenyewe lilikuwa jambo adimu. Kuna miaka mafuta yalikuwa haba mpaka magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Nani angewaza habari za auto?

Mlango ulifunguka kidogo kwenye bajeti ya mwaka 1984, watu wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na ndiyo maana watu wakamwita Mzee Ruksa. Kuanzia hapo, na zaidi miaka ya 1990, mitumba ya Japani ikaanza kuja: Corolla, Starlet, Mark II. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Gari ikitoka melini inaingia barabarani bila kubadilishwa kitu.

Lakini Wajapani wenyewe walikuwa wameshaanza kuhama kutoka gia za mkono. Mwaka 1991 nchi yao ikaanzisha leseni ya auto peke yake: unajifunzia auto, unatahiniwa kwa auto, na manyuo huruhusiwi kugusa. Vijana na akina mama wengi wakaichukua. Kampuni za magari nazo zikatengeneza wanachotaka wateja. Kwa hiyo vigari tulivyoanza kuvipata sisi vilikuwa auto kwa wingi, wala hatukuchagua. Tulirithi mazoea ya watu wengine.

Tukalipokea neno moja tu, "auto". Wakati huohuo kule kwao auto zilikuwa tayari za ukoo zaidi ya mmoja.

SEHEMU YA 3

Hapa vumilieni kidogo, nitaeleza kama ninavyomweleza mama mjamzito, bila maneno ya fundi.

Ukoo wa kwanza ni auto ya hatua. Ulianza Marekani: kampuni ya General Motors iliiweka kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ikaiita Hydra-Matic, na vita ilipopamba moto giaboksi hiyohiyo ikafungwa hata kwenye vifaru. Badala ya klachi ya mguu kuna chombo cha duara kilichojaa mafuta. Injini inayazungusha mafuta, mafuta yanazungusha giaboksi. Nyuma yake kuna seti za meno zinazoshikwa na kuachiwa zenyewe, kwa hiyo gari inapanda gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ukitulia unasikia kila hatua, kama mtu anayepanda ngazi. Hizi ndizo zilizomo kwenye Vitz nyingi za kwanza, kwenye IST za kwanza, kwenye Passo za kwanza.

Ukoo wa pili ulizaliwa Uholanzi. Mwaka 1958, kwenye maonyesho ya Amsterdam, kampuni ya DAF ilitoa kigari kinaitwa DAF 600. Mwenye wazo alikuwa Hub van Doorne. Yeye akasema, gia za nini? Akaweka puli zinazopanuka na kubana, na mkanda wa mpira katikati. Mkanda ukiwa umeshuka ndani ya puli, ni kama gia ndogo. Ukiwa umepanda juu, ni kama gia kubwa. Hakuna ngazi, ni mteremko mmoja laini. Wadaktari na wauguzi wa vijijini wangekipenda sana kigari kile, nina uhakika, maana hata mtu asiyejua gia angeweza kukiendesha. Kituko chake ni kwamba kiliweza kurudi nyuma kwa mwendo uleule wa kwenda mbele, na baadaye Waholanzi wakawa wanafanya mashindano ya mbio za kurudi nyuma kwenye televisheni. Watu wana mambo.

Mpira lakini una mwisho wake. Kampuni ya van Doorne ikatengeneza mkanda wa chuma: vipande vidogo vidogo vyembamba, mamia, vimepangwa kwenye pete za chuma kama shanga za kiunoni. Mwaka 1987 Subaru wa Japani akaufunga mkanda huo kwenye kigari chake, Justy. Nissan naye akauweka kwenye March ya mwaka 1992. Hiyo ndiyo CVT. Mimi naiita giaboksi ya mkanda, na mama yangu mzazi akaelewa mara moja.

Sasa hapa ndipo palipo na ugonjwa wangu. Ndani ya giaboksi ya mkanda, chuma kinakamata chuma. Oili yake ina kazi mbili zinazogombana: ilainishe, na papo hapo isiruhusu mkanda kuteleza kwenye puli. Imetengenezwa mahsusi kwa hilo. Ukiweka ATF nyekundu ya auto ya hatua, mkanda unateleza. Ukiteleza unakwangua puli. Unga wa chuma unaingia kwenye oili, unasambaa kila mahali. Ni kama kumwongezea mgonjwa damu ya kundi ambalo si lake: dakika za kwanza yuko sawa, anakuangalia tu, halafu mwili unaanza kujibu.

Na wodini hatuongezi damu kwa kuangalia sura ya mgonjwa.

SEHEMU YA 4

Dada mmoja kaandika kwenye sehemu ya 3: "Kwa hiyo Vitz ni CVT au siyo?" Jibu: inategemea ni ya mwaka gani, na hata ya mwaka huohuo inategemea injini. Hapa ndipo historia inakuwa hela mfukoni.

Vitz ilitoka Japani Januari 1999 kuchukua nafasi ya Starlet. Zile za kwanza, zenye macho makubwa na dashibodi ya namba katikati, nyingi ni auto ya hatua nne. Manyuo zipo, na miaka ya mwisho mwisho zikaingia chache za CVT. Februari 2005 ikaja ya pili, ya duara zaidi. Toyota sasa wakaweka CVT kwenye ya cc 1000, wakaweka na kwenye ya cc 1300. Lakini ya cc 1300 yenye kuvuta magurudumu yote manne wakaiachia auto ya hatua nne. Umeona? Gari moja, jina moja, rangi moja, zimepaki pamoja, tumbo tofauti.

Kwa nini walihamia mkanda? Mafuta. Injini ndogo ya mkanda inakaa kwenye mzunguko wake mzuri muda mrefu, haiachii na kukamata. Serikali ya Japani nayo ilikuwa inapunguza kodi kwa magari yanayokunywa kidogo. Basi kila kampuni ikakimbilia huko.

IST ilitoka 2002, na zile za kwanza ni auto ya hatua nne. Ndiyo maana mafundi wetu wanaipenda na wanaijua kama kiganja. Mwaka 2007 ikaja IST mpya, ile ndefu ndefu. Ya cc 1500 ya kuvuta mbele ni CVT, lakini ya cc 1800 na ile ya magurudumu manne wakabaki na hatua nne. Passo ya 2004, auto ya hatua nne, hata kama kirungu chake kimetokea pembeni ya usukani na kinakuchanganya. Ya 2010 ni CVT. Probox ya michomoko yetu, kuanzia 2002, ni hatua nne au manyuo, mpaka walipoibadilisha 2014 wakaingiza mkanda. Kwa hiyo ukisikia dereva wa mchomoko anasema "Probox haina CVT", anasema kweli ya Probox yake, siyo ya Probox zote.

Mzimu mkubwa ni Ractis ya 2005. Ya cc 1300, hatua nne. Ya cc 1500 ya kuvuta mbele, mkanda. Ya cc 1500 ya magurudumu manne, hatua nne tena! Mtu akikwambia "mimi nazijua Ractis", muulize Ractis ipi.

Honda Fit yeye alianza na mkanda tangu mwaka 2001, kwa hiyo hapo hakuna fumbo, ila ana historia yake. Fit za kwanza zinaondokea kwa klachi iliyo ndani ya giaboksi, na klachi hiyo ikichoka au oili ikiwa siyo yake, gari inatetemeka kwenye kuondoka. Za 2007 waliweka chombo cha mafuta, zikatulia. Fit ya haibridi ya mwaka 2013 ni habari nyingine kabisa: ina klachi mbili na gia saba, na Honda waliiita irudi karakana zaidi ya mara moja huko Japani. Mimi binafsi kwa barabara zetu na mafundi wetu, hiyo naipita kwa mbali nikiipungia mkono.

Toyota Aqua ya haibridi, iliyotoka Desemba 2011, inaandikwa CVT kwenye matangazo, lakini ndani haina mkanda wowote. Ni meno na mota za umeme. Jina moja, mnyama tofauti.

Na msisahau jambo la wakati. Mabadiliko ya Japani ya 2005 hayakufika Musoma 2005. Gari inatumika kwao miaka, inauzwa, inapanda meli, inashuka Dar es Salaam, inakuja Kanda ya Ziwa, inauzwa tena. Fundi aliyejifunza kazi kwenye Starlet na IST za kwanza amekutana na mkanda akiwa tayari fundi mkubwa, na hakuna aliyemwita darasani. Yule fundi wangu simlaumu kama zamani. Alitibu ugonjwa anaoujua.

SEHEMU YA 5

Sasa namna ya kumtambua mgonjwa. Mimi naanza na kibao, siyo kirungu cha gia.

Fungua boneti. Kwenye Toyota kibao cha bati kinakuwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Kwenye baadhi kipo kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Kikiwa na vumbi futa kwa kitambaa, usikwangue. Utaona maneno MODEL, ENGINE, FRAME NO., na chini TRANS/AXLE. Mstari huo wa TRANS/AXLE ndiyo kundi la damu. Ukianza na K, mfano K410 kama ya kwangu, ni giaboksi ya mkanda. Ukianza na U au A, mfano U340E ya IST za kwanza, ni auto ya hatua. Ukianza na C, hiyo ni manyuo, na hapo hata miguu ingekwambia.

Kibao kikiwa kimechakaa pale chini, angalia MODEL. Ya kwangu ni KSP90, halafu kistari, halafu AHXNK. Kwenye Toyota ndogo nyingi za miaka ile, herufi ya tatu baada ya kistari ndiyo inasema: P ni hatua nne, X ni mkanda, M ni manyuo. Corolla Axio ni mfano mzuri: NZE141 ya mkanda ina X, ndugu yake NZE144 ya magurudumu manne ina P. Passo usiisome hivyo, iliundwa na Daihatsu, herufi zake zina mpango wao.

Piga picha kile kibao. Picha hiyo ikae kwenye simu yako kama namba ya kadi ya kliniki ya mtoto. Ukienda kununua oili, onyesha.

Kwenye matangazo ya mtandaoni wauzaji wengi wanaandika AT kwa zote mbili, usiwategemee. Kadi ya gari itakupa mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, na hivyo viwili ukiviunganisha na sehemu ya 4 vinakusogeza karibu sana. Kirungu cha gia kinasaidia kidogo: ukikuta chini ya D kuna 2 na L, mara nyingi ni hatua, ukikuta S au B, mara nyingi ni mkanda. Ila Fit ina S na L pamoja, na Aqua ina B bila kuwa na mkanda. Nimesema mara nyingi. Sijasema kila mara.

Halafu iendeshe. Vitz nyingi za cc 1000 hazina mshale wa mzunguko wa injini, kwa hiyo tumia masikio. Zima redio, mwambie muuzaji anyamaze kidogo (huwa hawapendi). Ondoka taratibu, ongeza mafuta kwa usawa mpaka kama 60. Ukisikia sauti inapanda, inashuka, inapanda tena, ukahisi kamsukumo kila mara, hiyo inapanda ngazi. Ukisikia injini imepanda ikakaa palepale kama feni, huku mwendo unaongezeka, hiyo ni mkanda. Tafuta mlima. Mimi siku hizi naenda Balili pale Bunda. Gari ya mkanda ambayo mgonjwa wake ameshaanza, mlima unamtoa: kutetemeka, kulia, au injini kunguruma na mwendo haupo.

Oili za mkanda zina majina yake. Toyota za mwanzo zinataka CVT Fluid TC, zilizofuata FE. Honda Fit za kwanza inaitwa HMMF. Nissan ni NS-1, NS-2 au NS-3 kulingana na gari. Kama giaboksi ina kijiti cha kupimia oili, soma maandishi kwenye kichwa cha kijiti, mara nyingi jina liko palepale. Ni ghali kuliko ile nyekundu, najua. Mimi nimelipa tofauti hiyo mara nyingi sana kwa mpigo mmoja.

SEHEMU YA 6, majibu

Mama mmoja wa Nyasho ameuliza kama basi aiogope CVT kabisa. Hapana dada. Giaboksi yangu ya pili ni mkanda huohuo, K410, nimeitunza, inakwenda mwaka wa nne sasa, na mafuta inakunywa kidogo kuliko IST ya jirani. Nilichokuwa naumwa ni kutoijua.

Shemeji mmoja kaniandikia kwamba mambo ya kibao ni ya fundi, mwanamke atafungua boneti akiwa amevaa gauni? Shemeji, mimi nimefungua boneti nikiwa na yunifomu nyeupe, nikatoka safi. Karibu Musoma nikuonyeshe.

Na yule dada wa Kiabakari mwenye Ractis: umenitumia picha ya usukani, mama. Nahitaji ya kibao. Funika namba za mwisho za FRAME NO. kwa kidole, nitumie usiku huu. Nipo shifti mpaka saa moja asubuhi, na kabla hujaipeleka gereji kesho nitakuwa nimekujibu. Usiweke oili yoyote mpaka nikujibu.